Kasi peke yake haileti wasiwasi: singo ya roki kuhusu mtu anayechelewa inavyojengwa

Bendi nyingi zikitaka kutunga wimbo wa mtu aliyechelewa kazini huanza kwa kuongeza kasi. Drumu zinakimbia, gitaa linakwaruza, mwimbaji anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kinachopatikana ni wimbo mzuri wa kurukaruka. Msikilizaji anaufurahia, lakini hapati hata chembe ya ule mkazo wa tumbo unaomshika mtu aliyetazama saa akaona zimebaki dakika kumi na tano, na safari yenyewe ni ya dakika arobaini.

Anayetaka kuhakikisha kwamba kasi si wasiwasi asikilize sebene lolote la Kikongo. Gitaa la solo, mi-solo na rithimu yanakimbizana, atalaku, yule mhamasishaji wa wachezaji, anaita, na mwendo ni mkali kuliko nyimbo nyingi za roki. Hata hivyo hakuna anayehisi amechelewa kokote. Sababu ni kwamba ala zote zinakubaliana juu ya wakati: kila moja inajua pigo liko wapi na inalifikia pamoja na wenzake. Ukiwa ndani ya sebene umefika tayari.

Mtu anayechelewa yuko katika hali tofauti kabisa. Ana saa mbili zisizopatana: ile ya ukutani, isiyomngoja mtu, na ile ya kichwani mwake, inayomwambia bado kuna muda na papo hapo inamwambia muda umekwisha. Wimbo unaotaka kuibeba hali hiyo lazima uzifanye saa zote mbili zisikike kwa wakati mmoja. Ikisikika moja tu, ama ni dansi au ni kelele.

Mfano wa Jumatatu

Wimbo unaofundisha jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ni "Manic Monday" wa The Bangles, bendi ya wanawake wanne kutoka Los Angeles. Aliutunga mwanamuziki Prince, na mwaka 1984 ulikuwa umekusudiwa kundi la Apollonia 6. Baadaye ukawafikia The Bangles, wakaurekodi kwa ajili ya albamu ya Different Light chini ya prodyuza David Kahne, Susanna Hoffs akiwa mwimbaji kiongozi. Kwenye jina la mtunzi paliandikwa "Christopher". Singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake, ilitoka 1986 ikafika nafasi ya 2 Marekani na Uingereza. Huko Marekani wimbo ulioizuia kushika nafasi ya 1 ulikuwa "Kiss", wa Prince huyohuyo.

Mwendo wake ni wa kawaida, karibu na mapigo 120 kwa dakika, na sauti yake ni changamfu. Wasiwasi umo kwenye hesabu. Mwanamke katika wimbo anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi katikati ya ndoto nzuri, na anatakiwa awe kazini saa tatu. Ana saa tatu nzima mkononi! Lakini ameshaamini kwamba hata angekuwa na ndege asingewahi. Anahangaika na nguo za kuvaa, anafikiria kulisingizia treni, anajua bosi atakuwa ameshafika. Prince hakuhitaji kusema "nina wasiwasi" popote. Aliweka namba mbili za saa ya Kiingereza, 6 na 9, halafu akamwonyesha mtu ambaye kwake nafasi iliyo kati ya namba hizo haitoshi.

Ndivyo kuchelewa kwa kila siku kulivyo. Tatizo mara nyingi haliko kwenye urefu wa safari, liko kwenye makadirio. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata pale anapojua kwamba mara zilizopita alichelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu wangemaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, na kazi ikachukua siku 55.5. Hata walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitakwenda vibaya kadiri inavyowezekana, walisema siku 48.6, ambazo nazo hazikutosha. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mtu anapokadiria hutazama mpango ulio mbele yake, hatua kwa hatua, na hatazami rekodi yake ya nyuma. Mpango hauna ufunguo uliopotea wala foleni.

Mtunzi wa mashairi ana la kujifunza hapo. Ubeti unaosema "barabara ina foleni, nimechelewa" unamwacha msikilizaji pembeni, kwa sababu foleni ni kisingizio ambacho kila mtu ameshakisikia. Ubeti unaotaja vitu vidogo vilivyosahaulika kwenye hesabu, yaani kiatu kimoja, chaja, chai ya moto isiyonyweka, unamgusa pale pale panapouma. Na kiitikio kisimkaripie mhusika. Wapo watu wengi, wakiwemo wenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu), ambao kuuhisi muda unavyopita ni kazi ngumu kwao kila siku. Wimbo unaowaambia "amka mapema" hauna jipya kwao, wameambiwa hivyo tangu shule ya msingi.

Kuijenga saa ya ukutani

Kazi ya drumu na haihati, yale matoazi mawili yanayogongana, katika wimbo wa aina hii ni kuwa saa. Chagua mwendo kati ya mapigo 116 na 124 kwa dakika. Tutumie 120, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: pigo moja ni nusu sekunde, kipimo cha mapigo manne ni sekunde mbili, nusu pigo ni milisekunde 250, na robo pigo ni milisekunde 125. Kila mapigo mawili ni sekunde moja ya saa halisi, na sikio linalitambua hilo bila kuambiwa.

Haihati ipigwe nusu pigo nane katika kila kipimo, zote kwa nguvu ileile. Hapa ndipo wapiga drumu wengi wanapokosea, maana mkono uliozoea huongeza nguvu kila pigo linapoanza, na nguvu hiyo huleta dansi. Iondoe. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ikae kwenye pigo la 1 na la 3; snea, ile ngoma ya mlio mkali, kwenye la 2 na la 4. Na katika beti, marufuku roli: ile mizunguko ya ngoma inayomalizia kila vipimo vinne humpa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi, na mtu aliyechelewa hana nafasi hiyo. Weka roli moja tu, kabla ya kiitikio cha mwisho.

Mpiga drumu arekodi akiwa na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, masikioni na asitoke kwenye mstari. Anayesogea ni besi. Nyuzi zifunikwe kwa kiganja ili noti iwe fupi na kavu, kisha besi nzima isogezwe mbele kwa milisekunde 10 hadi 15 kwenye programu ya kurekodia. Kiasi hicho hakisikiki kama kosa. Kinasikika kama mtu aliyeegemea mbele. Ukizidisha milisekunde 30, kiki na besi zinaanza kutengana masikioni, uzito wa chini unapungua, na msikilizaji anadhani bendi haijafanya mazoezi. Kosa jingine la mara kwa mara ni gitaa na kinanda kuifuata besi na kusogea mbele nazo. Wote wakisogea, hakuna tena tofauti ya saa mbili, na ulichonacho ni wimbo uleule uliohamishwa kidogo kwenye skrini.

Kwa nini isiwe 150 au 160? Kwa sababu ya maneno. Katika mapigo 150, robo pigo ni milisekunde 100, yaani silabi kumi kwa sekunde. Mdomo unashindwa kuzitamka zieleweke, hasa kwa Kiswahili chenye vitenzi virefu. Katika 120 ni silabi nane kwa sekunde, ambazo mwimbaji mzuri anaziweza kwa taabu kidogo, na taabu hiyo ndiyo tunayoitaka.

Sauti isiyoenea kwenye mizani

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Sikio la msomaji wa tenzi limelelewa kwenye mizani nane kwa kipande, na kipimo cha mapigo manne kina nusu pigo nane. Vinalingana kabisa. Kwa hiyo mshororo wa mizani nane ukiimbwa silabi moja kwa kila nusu pigo unakaa ndani ya sekunde mbili bila kubaki wala kupungua. Chukua mistari hii:

Saa imekwisha lia,
chai bado iko moto.

Kila mstari una silabi nane. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na ukihesabu utaona mikazo yote imeangukia nafasi za 1, 3, 5 au 7, yaani palepale pigo linapoanza. Mtu huyu bado ana imani. Anadhani muda unamtosha.

Sasa mstari wa tatu:

na ufunguo wa mlango siuoni.

Hesabu: na-u-fu-ngu-o-wa-m-la-ngo-si-u-o-ni. Ni silabi 13. Zikiimbwa kwa mwendo uleule, kipimo kinakwisha zikiwa zimebaki tano, na mwimbaji anamaliza sekunde moja na robo baada ya ngoma kuingia kipimo kingine. Angalia pia mikazo: "ngu" ya ufunguo iko nafasi ya 4, "la" ya mlango nafasi ya 8, "o" ya siuoni nafasi ya 12. Yote mitatu imeangukia nusu dhaifu, baina ya mapigo. Haihati haijabadilika, besi haijabadilika, lakini sauti ya mtu imeteleza na kila mkazo wake unakosa pigo kidogo. Kwa mwendo uleule, msikilizaji ameshaanza kukazana.

Njia ya pili ni kuzibana silabi zote 13 ndani ya kipimo kimoja: kumi zipande mbili mbili kwenye nusu pigo tano, tatu zibaki moja moja. Inafaa ubeti wa pili, mhusika anapoanza kukimbia kweli. Usizitumie njia zote mbili katika ubeti mmoja, sauti itasikika kama mwimbaji aliyesahau maneno.

Mwimbaji asizungushe sauti wala kupamba noti. Sauti kavu, karibu na ya kuongea, noti tatu au nne tu katika beti, halafu kiitikio kipande juu. Pumzi zinazosikika kati ya mistari zisifutwe wakati wa kuhariri. Maprodyuza wengi huzifuta kwa mazoea, lakini katika wimbo huu pumzi ni sehemu ya habari.

Kumwibia msikilizaji nusu pigo

Mpaka hapa anayechelewa ni mwimbaji. Ipo mbinu ya kumchelewesha msikilizaji mwenyewe, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote ikitumiwa kwa uchache. Katika kipimo cha mwisho kabla ya kiitikio, ondoa nusu pigo moja: badala ya nane, ziwe saba. Kipimo kinachukua sekunde 1.75 badala ya 2. Mguu wa msikilizaji, uliokuwa ukigonga sakafu kwa kujiamini, unashuka milisekunde 250 baada ya kiitikio kuanza. Kwa muda mfupi sana mwili wake unajua maana ya kufika wakati mlango umeshafungwa.

Ifanye mara mbili katika wimbo mzima, kabla ya kiitikio cha kwanza na cha mwisho. Bendi inayoipenda mno ikaiweka kila baada ya vipimo vinne inajinyima yenyewe, kwa kuwa sikio hujifunza haraka, na muundo uliorudiwa mara chache unakuwa kawaida mpya. Na ikiwa wapigaji hawaiwezi papo kwa papo bila kuhesabu kwa mdomo, afadhali waiache. Kipimo hicho cha nusu pigo saba kikipigwa kwa kusitasita kinasikika kama kosa, na kosa halimtii mtu wasiwasi, linamtoa ndani ya wimbo.

Upande wa kodi, zile noti zinazopigwa pamoja, kanuni ni kuichelewesha kodi ya nyumbani, ile ambayo wimbo hutulia ukiifikia. Tuseme wimbo uko kwenye D meja. Kodi ya A yenye saba, yaani A, C#, E na G, inavuta kwa nguvu kurudi D: C# inataka kupanda nusu hatua hadi D, na G inataka kushuka nusu hatua hadi F#. Mwishoni mwa ubeti ikalie A hiyo kwa vipimo vinne, sekunde nane, pale ambapo sikio lilitarajia viwili. Usivuke vipimo vinane. Sikio likikaa muda mrefu mno kwenye A linaanza kuihesabu kuwa ndiyo nyumbani, na mvuto wote unayeyuka.

Kuhusu kuweka saa halisi

Kishawishi cha kuanza wimbo kwa mlio wa kengele ya kuamsha ni kikubwa, na mifano miwili mashuhuri inaonyesha ni lini unafaa. Januari 1967, The Beatles walipoanza kurekodi "A Day in the Life", waliacha pengo la vipimo 24 bila kujua watalijaza na nini. Msaidizi wao Mal Evans alivihesabu kwa sauti, na mwisho wake ikalia saa ya kengele ili kuonyesha pengo limekwisha. Baadaye pengo lilijazwa na wanamuziki 40 wa okestra waliopanda kutoka noti ya chini hadi ya juu, na kilichofuata kikawa kipande cha Paul McCartney, cha mtu anayeamka, anagundua amechelewa na kukimbilia basi. Kengele ikabaki kwenye rekodi, kwa sababu imekaa mahali inapofanya kazi: inakatisha mpando mrefu na kumwamsha mhusika.

Miaka sita baadaye, katika "Time" ya Pink Floyd, mhandisi Alan Parsons alitumia saa alizozirekodi moja moja katika duka la saa za kale, akazipanga zilie pamoja. Kinachofuata mlipuko huo ni karibu dakika mbili za mtikisiko wa tiki-tiki na rototomu, ngoma ndogo za mpiga drumu Nick Mason, kabla mtu hajaimba neno. Pale saa inatangaza umri unaopotea, na utangulizi mrefu ndio ujumbe wenyewe. Singo ya mtu anayekimbilia daladala haiwezi kuubeba.

Kwa hiyo saa ikiwekwa, iwe fupi na iwe na kazi. Epuka mlio wa simu unaojulikana na kila mtu: msikilizaji atashika simu yake badala ya kusikiliza. Ujue pia kwamba milio mingi ya kuamsha hujaa kati ya hezi 2,000 na 4,000, eneo lilelile linalofanya konsonanti za mwimbaji zisikike. Ikilia chini ya sauti yake, maneno yanapotea. Iishe kabla hajaanza, au punguza eneo hilo kwenye mlio.

Kuikata iwe singo

Urefu wa singo ulitokana na kitu cha kushikika: sahani ya inchi 7 ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoletwa na RCA Victor mwaka 1949, ambayo upande mmoja ulikuwa ukibeba dakika tatu au nne hivi kwa sauti nzuri. Wimbo wa bendi ya Chicago unaouliza kama kuna anayejua kweli ni saa ngapi, uliotungwa na Robert Lamm, ulikuwa na utangulizi wa piano usio na mwendo maalumu kwenye albamu ya 1969. Ulipotolewa kama singo mwaka 1970, utangulizi huo uliondolewa, na wimbo ukafika nafasi ya 7 Marekani.

Leo sahani haitubani tena, lakini kuna sekunde 30: Spotify haihesabu usikilizaji mpaka muda huo ufike. Mwimbaji aingie kabla ya sekunde ya 10, ambayo ni vipimo vitano kwa mwendo wetu, na kiitikio kianze kati ya sekunde ya 35 na ya 45. Jumla isizidi dakika tatu na nusu. Ukitakiwa kukata, kata gitaa la solo kwanza. Solo ni mahali pa kujitanua, na katika wimbo huu hakuna mwenye nafasi ya kujitanua. Usikate kile kipimo cha nusu pigo saba wala mistari yenye silabi za ziada, ingawa mhariri atakushauri hivyo kwa kuwa kwenye skrini inaonekana haikupangika.

Mwisho wa wimbo unabaki na njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuishia kwenye A yenye saba, ghafla, bila kurudi D. Inafaa jukwaani, lakini kwenye redio mtangazaji anaweza kudhani faili limekatika, basi acha mwangwi wa snea udumu sekunde moja baada yake. Ya pili ni kurudi D huku mwimbaji akiwa amebakiwa na maneno: ala zote zinanyamaza pamoja kwenye pigo la kwanza, na yeye anamalizia silabi tatu za mwisho peke yake. Rekodi njia zote mbili siku hiyohiyo, maana sauti ya mwimbaji ya kesho yake haitalingana, kisha zisikilize kwenye spika ya simu kabla ya kuchagua. Huko ndiko utakakogundua kama zile silabi tatu zinasikika au zimemezwa.